Kidole cha Babu Kwenye Waya

Zeze la babu yangu alilitengeneza mwenyewe: kibuyu kilichowambwa ngozi ya kenge, na waya mmoja alioutoa kwenye breki ya baiskeli. Hapa kijijini Mtawanya watu walimcheka miaka yote kwa sababu habangui korosho. Maganda yana mafuta yanayounguza, naye vidole vyake alivitunza kama mayai. Majirani walimtania bibi kwamba mwali wa nyumba ile ni mumewe.

Msimu huu bibi akateguka mkono, babu akakaa chini abangue yeye. Nilimkuta amemaliza beseni zima, anafurahi, anasema kumbe hayaumi hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa. Babu ana kisukari, na kisukari hutia vidole ganzi. Vidole vilikuwa vimejaa malengelenge, cha kati kimeshapasuka, na mwenyewe hana habari.

Ncha ya kidole hicho ikaanza kuwa nyeusi. Hospitali, nesi aliisafisha, akafunga, akasema turudi Ijumaa; weusi ukipanda, kidole kitakatwa. Babu akauliza kama haiwezekani wakate kile cha mwisho, maana hakina kazi. Nesi akacheka.

Mimi ni mtu wa kuota sana. Nilishatuona tuko jukwaani kule mjini Shangani, babu na zeze lake, mimi naimba na gauni la njano, watu wameinua simu. Sasa kila nikibadilisha bandeji nilitazama pembeni kwanza, ndipo nikapata moyo wa kuangalia.

Naye kutwa yuko barazani anapiga, kidole kibovu kakiinua juu. Ule wimbo wake wa harusini, wa mke aliyevuka Ruvuma asirudi, ukawa unachechemea. Kila ubeti ulikuwa na mahali ninapopasubiri, na sauti haiji. Nikamuuliza kwa nini anaupiga hivyo.

"Navizoesha hivi vingine," akasema. "Visije vikashtuka mwenzao hayupo."

Nilienda nyuma ya jiko nikalia.

Ijumaa weusi ulikuwa haujapanda. Wakakata nyama iliyooza tu, kidole wakakiacha, na taratibu kikapona. Ila ganzi imebaki. Waya unaweza kumkata, damu ikatoka, asijue, na tukaanza upya. Kwa hiyo siku hizi akipiga nakaa mbele yake na kitambaa safi, namlinda. Bibi, kwa utani wetu, anasema mke mwenzake kapata kazi ya uaskari.

Jana jioni aliupiga wimbo ule mzima, kidole kikiwemo. Alipomaliza akaniangalia, uso umemchangamka.

"Haya, mke wangu. Pale palipokuwa pananishinda, leo pamekaaje?"

Nilikuwa nimekikodolea macho kidole tu, wimbo sikuusikia.

Nikamwomba arudie, nikaapa moyoni kwamba safari hii nitasikiliza. Akakiweka kidole kwenye waya, na macho yangu yakashuka yenyewe.