Nilivyopelekwa Shule Nikamsemee Mama

Watoto wengine walipelekwa shule ili wawe walimu au madaktari. Mimi nilipelekwa ili mama akienda hospitali apate wa kumsemea. Hakuna aliyenificha jambo hilo. Mama alimwambia baba mbele yangu, baba akiwa anachonga mpini wa jembe, yeye amesimama na kibuyu cha maziwa mkononi: "Nataka mmoja aende akajifunze Kiswahili. Nimechoka kuitikia nisichokielewa."

Tulikuwa tumehamia upande wa Kasekese, wilaya ya Mpanda, na ng'ombe wetu kutoka Usukumani, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa. Nyumbani tulisema Kisukuma, zizini Kisukuma, na majirani wa karibu walikuwa Wasukuma wenzetu. Kiswahili cha mama kiliishia kwenye shikamoo na bei ya chumvi. Kabla sijaanza shule alikwenda hospitali mjini akiwa na mimba. Nesi akamuuliza mambo mengi, na kila alipoulizwa mama akaitikia ndiyo, kwa heshima, maana kwetu kumkatalia mtu mzima aliyekukaribisha na kukukalisha kwenye kiti ni ukosefu wa adabu. Inaonekana aliitikia ndiyo hata alipoulizwa kama anajisikia vizuri. Akarudishwa nyumbani kama mtu asiye na shida yoyote, na mtoto yule akazaliwa amekufa. Mama hakulisema sana, ila tangu hapo shule ikamkaa kichwani.

Baba alisema shule itamharibia watoto. Alikuwa ameona kwa jirani: mtoto kaenda shule, karudi hajui kukamua, hataki kulala na ndama, halafu anasahihisha wakubwa. Mwishowe alikubali niende mimi, kwa sababu wavulana walikuwa wa ng'ombe na mama hakuwa wa kunyamaza. Siku ya kuandikishwa mwalimu akaniambia nipitishe mkono juu ya kichwa nishike sikio la upande wa pili. Nikalishika bila taabu, kwa kuwa umri wa kuanza nilishaupita zamani, na nikaingia darasa la kwanza nikiwa mrefu kuliko kiranja.

Mama alidhani Kiswahili kinamiminwa kichwani kama maziwa kwenye kibuyu. Hata mwezi haukuisha, akaniita jikoni na kuniambia, "Haya, sema tumbo linanivuta upande wa kushoto tangu juzi." Nikamwimbia a, e, i, o, u. Akasubiri. Nikamwongezea wimbo wa mchakamchaka. Akaugeukia moto wake akaanza kukoroga uji, na mimi nikabaki nimeduwaa, nisijue nimemkosea nini, maana shuleni nilikuwa nimepigiwa makofi kwa nyimbo zile zile.

Kusema kweli sikuielewa shule. Asubuhi tulibeba majembe na vidumu vya maji, tukalima shamba la shule, na jioni nikirudi baba ananiuliza kama nyumbani hakuna mashamba. Nililojua ni kwamba mwalimu akikuuliza, unasimama, unamtazama usoni, unajibu, hata kama hujui. Ukikosea unachapwa fimbo moja. Ukinyamaza unachapwa mpaka uonekane umeanza kufikiri. Nyumbani ilikuwa kinyume kabisa. Mkubwa akikuuliza unapiga goti, unatazama chini, na ukinyamaza ndiyo unasifiwa kwamba umelelewa. Nilikuwa nabadilisha tabia njiani kila siku, kwenda na kurudi, na siku nyingine nilichanganya. Nilimkazia macho baba nikachapwa. Nilitazama chini mbele ya mwalimu, huko nako nikachapwa.

Nilipofika darasa la pili Kiswahili kilikuwa kimenikaa, na mama alikuwa na mimba tena. Alianza kuvimba miguu. Akataka twende hospitali. Ilikuwa msimu wa kuvuna karanga, baba akabaki shambani akasema tuwahi kurudi. Tukapanda lori la magunia ya mahindi, mimi, mama, na mdogo wangu, ambaye umri wa kubebwa ulishampita lakini alikuwa amegoma kutembea. Nilimfunga mgongoni. Lori lilitushusha mjini, Kashaulili, kwenye maduka, tukaenda kwa miguu mpaka hospitali. Mlangoni akanishika bega na kunisukuma mbele yake.

Nesi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kuamrisha lakini hakuwa mkali. Aliposikia kwamba mimi ndiye msemaji alicheka kidogo. Akauliza mimba ya ngapi, nikatafsiri. Akauliza wamekufa wangapi, nikatafsiri. Kisha akasema, "Muulize hedhi ya mwisho aliona lini."

Neno hedhi hatukufundishwa. Nikamwambia silijui. Akanieleza, wazi, bila kupunguza. Nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Kwetu binti hasemi jambo hilo na mama yake. Analisikia kwa bibi au kwa shangazi, siku yake ikifika, na mama anajifanya hajui kama binti anajua. Kiswahili changu kilikuwa kimefika pale, ila Kisukuma nilichoruhusiwa kumwambia mama kilikuwa kimeisha.

"Vipi, umemeza ulimi?" nesi akauliza. "Muulize basi, watu wapo nje wanasubiri."

Nikatazama sakafu. Halafu nikakumbuka fimbo, nikamtazama nesi usoni. Halafu nikaona aibu, nikatazama tena sakafu. Mama alinielewa kabla sijasema. Ndivyo walivyofanya wakwe nyumbani walipokuwa na neno lisilosemeka baina yao: wanamwambia mtoto aliyepo, na mwenye masikio anasikia. Akasema taratibu, kwa Kisukuma, akiwa ametazama dirisha, "Mwambie mdogo wako."

Nikamfungua mdogo wangu mgongoni, nikamsimamisha sakafuni, nikamwambia yeye. Alikuwa anakula ukucha. Mama, akiwa bado ametazama dirisha, akamjibu yeye, akataja mwezi ule tuliomaliza kupukuchua mahindi. Nikainuka nikamjibu nesi.

"We binti," nesi akasema, "kwani mwenye mimba ni huyo mtoto?"

"Hapana."

"Sasa mbona unamuuliza yeye?"

Nikasema ndivyo inavyotakiwa. Akatikisa kichwa akaendelea. Na sisi tukaendelea hivyo hivyo, maswali yote, mengine ya aibu kuliko lile la kwanza, yote yakipita kwa mdogo wangu, ambaye alifika mahali akachoka kusimama na kukaa chini. Nami nikachuchumaa nikamfuata huko huko.

Kisha mama akalazwa kitandani, nesi akamwekea kipembe cha kusikilizia tumboni, akasikiliza, akaminya huku, akaminya kule. Alipomaliza, sauti ilikuwa imeshuka. "Mwambie mama yako mtoto amelala vibaya, amekaa kingamo, kichwa upande huu, miguu upande ule. Asirudi nyumbani. Uchungu ukimshika huko kijijini watakufa wote wawili. Abaki hapa mpaka ajifungue, na huenda akapasuliwa. Mwambie kama nilivyosema, usipunguze."

Nilimwambia mdogo wangu. Nilimwambia kwamba watakufa. Alinishika pua akacheka, kwa kuwa nilikuwa nalia na yeye alidhani ni mchezo. Nakumbuka nilikasirika sana, sijui nilimkasirikia nani. Nesi nilimwona mbaya, mama nilimwona mbaya, na mwalimu aliyenifundisha maneno yale nilimwona mbaya kuliko wote.

Kwa mama, jambo la kulala nje ya nyumba yake halikuwa lake kuamua. Lilikuwa la baba, na baba alikuwa kwenye karanga. Na kupasuliwa hatukumjua mtu aliyepasuliwa akarudi. Nesi akasubiri, kalamu mkononi. Nilidhani mama atamjibu mdogo wangu kama kawaida. Hakumtazama. Alinitazama mimi, machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauliza, "Wewe uliyesoma, unasemaje?"

Nilikuwa darasa la pili. Nilijua kuhesabu, nilijua nyimbo, nilijua kupalilia shamba la shule. Kuhusu mtoto aliyelala kingamo sikujua chochote. Ila nilikuwa nimeulizwa, na walikuwa wananitazama wawili. Nikanyoosha mgongo, nikamtazama mama usoni kama mwalimu alivyotaka, nikasema, "Baki, mayu." Mayu ndivyo tunavyomwita mama.

Akavua viatu vyake vya plastiki, akavisukuma chini ya kitanda.

Dereva wa lori alipeleka habari. Mimi nilipika uji nyuma ya wodi pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, nikiwa na hofu usiku na mchana, maana sasa mama akifa ni mimi niliyesema abaki, na akipona sikuwa na hakika kwamba ni mimi niliyejua. Uchungu ulimshika alfajiri moja, wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Mtoto akatoka analia. Mama alizinduka mchana, akaomba maji. Nililia tena, safari hii kwa furaha, lakini ile hofu haikutoka yote.

Baba alifika kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliingia wodini akamwona mama, akamwona mtoto, akaona bandeji. Akatoka nje akakaa kwenye benchi la wageni. Nikaenda nikapiga goti kumwamkia. Hakuitikia.

"Nani alisema abaki akatwe?"

Ningeweza kutazama chini. Ningeweza kusema nesi, na isingekuwa uongo mkubwa. Lakini nilikuwa nimeulizwa. Nikamtazama usoni nikasema, "Mimi."

Nilisubiri kofi. Baba alinitazama sana. Kisha akajisogeza pembeni, akapangusa vumbi kwenye benchi kwa kiganja chake, akaniachia nafasi nikae. Kwetu mtoto wa kike hakai kiti kimoja na baba yake. Hapo wanakaa wageni, na wanaume wenzake wanaokuja kwa shauri. Nilitaka anipige, au aniambie nikae chini nilipozoea. Alisubiri, na mimi nikabaki nimesimama mbele ya ile nafasi, nisijue kama nimepandishwa kuwa mtu wa shauri au nimefukuzwa niwe mgeni.