Kitunga Mbele, Punda Nyuma

Apolline alikuwa ametangaza mbele ya ndugu zake kwamba mavuno haya hatabeba kitunga. Shingo yake imekataa. Tangu aolewe, mpunga wa shamba lao la ng'ambo ya kijito ulifika nyumbani Wamaza kwa mgongo wake, kamba ya kitunga imemkaa kwenye paji la uso, huku mumewe Zéphirin akitangulia mikono mitupu, panga begani, kama bwana mkubwa anayeongoza msafara. Wanaume wa huko ndivyo wanavyotembea. Mwanaume atasukuma baiskeli yenye magunia mpaka Kasongo bila kulalamika, lakini baiskeli haivuki kijito kile, na kitunga cha mgongoni ni mambo ya wanawake. Afadhali afe.

Zéphirin hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwanaume tu. Aliwaza, akauza mbuzi, akarudi na punda aliyemnunua kwa Kamaldine, mchuuzi wa chumvi aliyetoka upande wa Fizi.

Sasa, watu wa Wamaza walimjua punda bila kumwona. Wakristo walimjua kwa Yesu, Waislamu kwa Kurani, na wote pamoja walijua kwamba shukrani ya punda ni mateke. Kwa hiyo mapokezi yalikuwa makubwa, ila ya mbali. Akina mama wa kwaya walikuja na matawi ya michikichi, wakaimba. Punda alisikiliza ubeti mmoja, akaanza kula matawi. Kisha akaimba na yeye. Kwaya ilitawanyika mpaka uani kwa jirani Yassine, aliyekuwa anamalizia udhu.

"Baba Plamedi," Yassine akamwambia Zéphirin kwa upole, "Kurani ilisema, hakuna sauti mubaya kama ya punda. Na weye umeileta karibu ya dirisha yangu."

Asubuhi Zéphirin na mkewe wakaenda shambani na wavunaji wa kusaidia kukata. Mpunga ulikuwa umeiva mpaka punje zinadondoka zenyewe, na ndege wanakula bila kukaribishwa. Punda akapakiwa magunia mawili, akasimama. Zéphirin akavuta kamba. Akambembeleza, akamtukana kwa Kibangubangu, akamwomba radhi kwa Kifaransa. Wapi!

"Mumusukume kwa nyuma!" akaamuru.

Wavunaji wakatazamana. "Kule kwenye mateke? Baba, tangulia weye."

Apolline alikuwa ameketi juu ya kichuguu, na moyo ulimuuma kweli. Aliutazama mpunga ule wote, akaifikiria shingo yake, akajua ni nani atakayeubeba. Akainuka, akajaza kitunga, akaivaa kamba. Akaondoka bila kuaga.

Nyuma yake akasikia kwato.

Akasimama, punda naye akasimama. Akatembea, punda naye akatembea. Kumbe mnyama yule alikuwa amekuja toka Fizi nyuma ya mke wa Kamaldine, aliyebeba kitunga cha chumvi, na kwa akili yake safari ni kitunga. Pasipo kitunga hakuna safari.

"Aksanti Mungu!" Zéphirin akapiga kelele. "Endelea, Mama Plamedi, endelea vile vile!"

Apolline akageuka. Akakitua kitunga chini taratibu kabisa.

"Baba Plamedi, hii punda tuliuza mbuzi tukainunua juu ya nini?"

"Juu ya... weye usibebe tena."

"Basi. Kitunga iko pale."

Wavunaji wakaacha kukata. Zéphirin akautazama mpunga, akamtazama punda, akamtazama mkewe. Kisha akaitazama njia, ambayo lazima ipite kijitoni, wanakofulia wanawake wote wa kijiji. Akainama, akaivaa kamba.

Kijitoni alikuwepo Safi, mke wa Yassine, na Safi hana breki mdomoni. "Mukuje muone! Baba Plamedi ameolewa!" Sabuni ziliachwa ziende na maji. Zéphirin akapita katikati ya vicheko, jasho linamwingia machoni, punda nyuma yake, na nyuma kabisa Apolline, mikono mitupu, panga begani.

Nyumbani Zéphirin alijitupa mkekani. "Mama Plamedi, hii kitu ndiyo ulikuwa unabeba kila siku?"

"Ile, na mutoto kifuani."

Zéphirin akajipapasa alama ya kamba.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda shambani, Apolline alitupa kitunga kitupu mgongoni akaenda kuchuma sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Akasikia kwato. Alipozunguka jiko, punda alizunguka jiko. Alipoelekea chooni, punda alielekea chooni. Akakitazama kitunga: hamna kitu ndani, hata punje. Punda hakujali hata kidogo.

Apolline akafungua kinywa amwite mumewe. Zéphirin alikuwa mlangoni, anajifunga kitambaa kwenye paji la uso ili kamba isimkate tena, huku akiguna kama mzee. Apolline akafunga kinywa. Alimpenda mumewe, na angemwambia, hakika angemwambia. Ila mpunga uishe kwanza.