Mkalimani wa Chumba cha Majibu

Mkalimani wetu hatafsiri neno kabla hajalifuata kwao. Daktari wetu mgeni akisema kitu kwa Kiingereza, yeye huvua miwani, huifuta kwa ncha ya tai, kisha humweleza mgonjwa neno hilo lilizaliwa wapi na nani alilikopa kwa nani. Mgonjwa amekaa roho mkononi, yeye yuko kwa Warumi. Mimi, nesi wa chumba hicho, nimeshamkanyaga mguu chini ya meza mara nyingi tu. "Mzee, sema kama anapona!" Hunitazama kana kwamba nimemwaga dawa. "Neno lina kwao, mwanangu, kama mtu."

Jana daktari alifungua majibu ya uvimbe, akasema "malignant". Mkalimani akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena ilhali ilishang'aa. Kwenye kiti cha mgonjwa alikaa mkewe, mkoba magotini. "Ni la Kilatini," akaanza. "Limeungwa kwa maneno mawili. La pili ni kuzaliwa." La kwanza nililijua, nilishamsikia akiwaambia wengine: vibaya. Saratani. Daktari akanigeukia nilimalize mimi. Mguu wangu haukusogea, wala mdomo.

"Na la kwanza, baba watoto?" mkewe akauliza.

"La kwanza lina historia ndefu."

Mkewe akauweka mkoba sakafuni, akamshika mkono. "Basi nihadithie," akasema. "Sina haraka."