Miaka Mitatu ya Kufungwa Mdomo

Shemeji yake Nyamoita alimkataza kusema na mtoto wake mwenyewe. Hakumpiga wala hakumnyima chakula. Alimkataza kusema, miaka mitatu mizima, na katika miaka hiyo mtoto akaharibikiwa. Uovu wenyewe ni huo, ingawa wapo watu hapa Rangwe wanaopenda kuuita bahati mbaya.

Nyamoita aliolewa na Otieno mwaka 1961, akashuka kutoka milima ya Kisii bila kujua Kijaluo zaidi ya salamu na bei ya samaki. Binti yao Phelesia alipotimiza miaka miwili bila kutamka hata "mama", ukoo ulikaa kikao. Aliyesema ni mwalimu Javan, kaka mkubwa wa Otieno, mkuu wa shule na mzee wa kanisa, mtu ambaye hata akikohoa watu hutafuta maana.

"Nyar Kisii," alimwita, yaani binti wa Kisii, maana jina lake hakuwahi kulitumia, "unamlisha mtoto lugha mbili kwa kijiko kimoja. Zinapigana kinywani. Funga Kigusii chako mpaka ujue kusema kama watu."

"Na sikio lake, shemeji? Linatoa usaha tangu alipoota meno."

"Basi ni meno hayo. Mwanamke asiyejua hata A atanifundisha mimi habari za watoto?"

Wakacheka. Otieno naye alicheka, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

Basi Nyamoita akafunga. Alimwogesha mtoto kimya, akamlisha kimya, akambeba kwenda kisimani kama anayebeba gunia la mahindi. Nyimbo za kwao alizimeza. Kijaluo chake cha kuvunjikavunjika kilichekwa jikoni, naye hata hicho akakiacha. Siku moja alijisahau akamwita mtoto "omwana one", mwanangu. Uji haujapoa, mama mkwe alikwisha fikisha habari kwa Javan.

Mwaka 1967 wauguzi walikuja sokoni kuchanja ndui. Nesi Bathsheba alisikia harufu ya sikio lile kabla hajaliona. Alisimama nyuma ya Phelesia akagonga karai kwa kijiko. Watoto wote waliokuwa foleni waligeuka. Phelesia aliendelea kuchora vumbini kwa kidole cha mguu.

"Usaha huu una muda gani, mama?"

"Miaka minne."

"Minne! Ulikuwa unangoja nini?"

"Waliniambia ni lugha yangu."

Nesi aliweka karai chini. "Nimesafisha masikio ya watoto wa kila kabila. Sijaona lugha inayotoa usaha."

Akamweleza bila kuficha. Sikio la kushoto limekufa. La kulia limebaki na kidogo. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia, na angeletwa akiwa wa miaka miwili dawa ingewahi.

"Sasa kaa mbele yake aione midomo yako. Kila unachofanya, kitaje, kwa lugha unayoijua vizuri. Mtoto huyu alihitaji maneno mara mbili ya wenzake. Nyinyi mkamnyima hata nusu."

Nyamoita alirudi nyumbani akisema njia nzima. Alitaja mawe, akataja ng'ombe, akataja kila mti. Jioni alitaja sufuria na mwiko mbele ya mama mkwe, kwa Kigusii, kwa sauti kubwa, na aliyetaka kwenda kuchongea aliambiwa aende mbio.

Baada ya mwaka mmoja na nusu Phelesia alikuwa na maneno arobaini, mengine yamekatika mkia.

Januari 1969 alimpeleka kuandikishwa shule. Javan alikuwa mezani, kichwa kimeinamia daftari. "Apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili," alisema, kwa kuwa umri wa kuanza shule ulipimwa hivyo. Phelesia alisimama tu.

"Mnaona? Bubu. Hapa si mahali pa mabubu."

"Inua uso, mwalimu. Humwambii yeye, unaliambia daftari."

Hakuinua. Nyamoita akapiga magoti mbele ya mwanawe, akamwambia pole pole. Mkono ukapita juu ya kichwa, vidole vikalishika sikio, lile lililokufa. Kisha mtoto akasema, bila kuombwa, "Pe-lesia." Wazazi kwenye mstari wakasogea wamsikie.

Javan akaandika. "Atakaa nyuma, asicheleweshe wenzake. Na ushukuru."

"Nishukuru! Umetoboa mtungi, sasa unataka shukrani kwa kata moja ya maji?"

Phelesia yuko benchi la mwisho mpaka leo, muhula wa pili huu, ambako sauti ya mwalimu haifiki. Otieno anadaiwa maneno manne, "Mwacheni mke wangu aseme," aliyopaswa kuyasema kikaoni mwaka 1964 na hajayasema bado. Javan anadaiwa kukiri mbele ya ukoo ule ule kwamba alikosea. Miaka mitatu hawezi kuirudisha, Nyamoita analijua hilo. Lakini benchi la mbele Javan analo, na uso wa kuinua anapomsemesha mtoto anao. Hajatoa hata kimoja.