Dhamana ya Mitende ya Ibra

Baba yangu alizaliwa Pemba, na ujana wake wote aliumaliza katika kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Kazi yake ilikuwa kuangalia boila. Tulipohamia Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini alipata kazi ya bohari katika ofisi moja ya serikali huko Nizwa, nami baadaye nikawa mwalimu katika skuli ya wasichana. Hatukuwa na shida. Mshahara ulikuja, nyumba ikapata umeme, mama akapata majirani wa kuzungumza nao Kiswahili. Lakini baba hakupenda kuzeeka akishika funguo za milango ya watu.

Kila msimu wa mawaridi, watu wa mlima wa Jabal Akhdar walishusha marashi sokoni Nizwa. Waliyakeneka majumbani mwao, wakichemsha maua na maji ndani ya mitungi juu ya matanuri ya kuni na kuukinga mvuke ukipoa, na marashi yalitoka na harufu ya waridi na harufu ya moshi kwa pamoja. Baba alinunua chupa, akanusa, akamwambia mama kwamba kwa mvuke safi angeweza kutoa marashi yasiyo na moshi hata kidogo. Mama alimwambia anywe chai yake kabla haijapoa. Msimu wa pili baba alisema maneno yale yale. Wa tatu akaacha kazi.

Nilikuja kujua kwamba kuyapata mawaridi ndilo lililokuwa jepesi. Kulikuwa na kibanda cha kukodi, masufuria ya shaba ya kufuliwa na mafundi wa sokoni, mabomba, kisima cha kupozea, na boila kuukuu alilolikuta Matrah kwa dobi mmoja aliyefunga kazi. Kulikuwa na ruhusa ya baladia, ofisi ya mji. Baba aliposema anataka kukeneka, afisa aliweka kalamu chini, akamtazama, akamwuliza atakeneka kitu gani. Ilibidi aandike ahadi kwamba hakitaingia chunguni ila maua na maji, na kwamba wakaguzi wataingia saa yoyote wakitaka. Baba alitia saini huku masikio yamemwiva. Alikuwa mtu wa sala tano, na hakuwahi kudhaniwa mpika pombe.

Akiba yake haikutosha, akaenda benki. Benki ikataka mambo mawili: mdhamini mwenye mali, na bima ya moto.

Mali yetu ilikuwa imebaki Pemba. Mtu pekee wa ukoo wetu mwenye ardhi alikuwa binamu yake baba, aliyekaa Ibra na shamba la mitende alilorithi kwa wazee wake. Mimi nilimwita ami. Nilifuatana na baba kwenda kumwona kwa sababu Kiarabu cha baba kilikuwa cha msikitini na sokoni tu, na jambo hili lilitaka maneno yaliyonyooka.

Ami alitukaribisha kwa tende na kahawa, akauliza habari za kila mmoja wetu, na hakutuharakisha. Baba alipomaliza kueleza, nami nikamaliza kufasiri, aliuliza swali moja tu: kazi ikianguka, benki itachukua nini kwake? Nikamwambia ni shamba. Akatujazia tena vikombe, kimoja kimoja. Baba alikuwa anatazama mkeka. Nilidhani tutaondoka na udhuru wa heshima, na sikumlaumu mtu.

Kisha ami alisema, na mimi nikamfasiria baba neno kwa neno: "Babu yako alipoondoka Ibra, nduguye, babu yangu, ndiye aliyebaki kuinywesha mitende hii. Basi na wewe una fungu lako humu."

Baba aliinuka akamshika mkono binamu yake, akaubusu.

Dhamana ikapatikana, ikabaki bima, na hapo baba akagoma. Alisema hawezi kulipia msiba ambao Mungu hajauleta. Wanavyuoni aliowauliza hawakumpa jibu moja, na yeye akashika lile zito, la kuikataza. Wiki nzima tulikula bila mazungumzo. Mwishowe mama, ambaye siku zote alikuwa akiidharau habari ile ya marashi, ndiye aliyesema naye.

"Unaona bima hii ni yako," alimwambia. "Siyo yako. Ni ya mitende ya watu wa Ibra. Wewe mtegemee Mungu kwa vilivyo vyako. Vya wenzio vichunge."

Wakala wa bima alikuja kutoka Maskati, mtu mpole mwenye subira. Alilizunguka boila, akataka likaguliwe na mhandisi kila mwaka kabla ya msimu, akaandika kibanda, masufuria na ukuta wa jirani. Halafu akamwuliza baba kama angependa kujikatia bima na yeye mwenyewe, kwa kuwa kazi ya mvuke ina hatari zake. Baba alitabasamu, akasema vyombo vyake anavikatia, lakini roho yake ina mwenyewe. Nilifasiri hivyo hivyo. Wakala hakumsukuma.

Msimu wa kwanza biashara ilikuwa ngumu. Marashi yalitoka meupe na safi, lakini watu wa Nizwa walinusa wakarudisha chupa, wakisema haya si marashi, hayana moshi. Walionunua walikuwa watu wetu wa kutoka Unguja na Pemba, na mabwana harusi wa Maskati. Msimu wa pili maduka yakaanza kuyauliza. Nilikuwa nikitoka skuli napita kibandani, namkuta baba na msaidizi wake, mtu mzima wa Jabal Akhdar, wameketi juu ya magunia ya maua wakila tende, kila mmoja akisema lugha yake na wakielewana. Sijawahi kumwona baba na furaha kama ile.

Msimu wa tatu, alfajiri, bomba la mvuke lilipasuka. Mhandisi alikuwa amelikagua boila na kuliona sawa, lakini chuma kina siri zake. Msaidizi alitusimulia kwamba baba alimsukuma nje, kisha akarudi ndani kuuzima moto, kwa kuwa nyuma ya ule ukuta wa jirani walikuwa wanalala watoto. Moto aliuzima. Mvuke ulimkuta usoni na kifuani.

Alikaa hospitali hadi msimu ukaisha. Siku alizoweza kusema hakuuliza habari za boila. Aliniuliza, "Na mitende ya ami yako?"

Nikamwambia bima imekubali kulipa, benki itachukua haki yake, na shamba halitaguswa.

"Alhamdulillahi," akasema, akafumba macho. Alifariki wiki ile.

Kwa vyombo na kibanda tulilipwa, deni likafutika. Kwa ajili yake hapakuwa na kitu cha kudai, wala mama hakutaka mtu alitaje jambo hilo mbele yake.

Ami alikuja kuzika, akaja tena eda ya mama ilipokwisha. Hakuzungumzia marashi mpaka alipokuwa anavaa viatu. Hapo akaniambia kwamba tukitaka kuanza tena, saini yake ipo. Nilimfasiria mama. Mama alilia, nadhani mara ya kwanza mbele ya mgeni, kisha akaniambia nimjibu kwamba tutaanza.

Tulinunua boila jipya, dogo, na msaidizi wetu wa mlimani akawa msimamizi. Wakala aliporudi na karatasi zake, nilimwambia aandike watu kwanza, vyombo baadaye. Sikumwuliza mama na wala hakunikataza. Mpaka leo sijui kama baba angeridhika. Pengine angetabasamu vile vile na kunijibu neno lile lile, nami ningeandika hivyo hivyo.

Mama hakuingia kibandani hata siku moja. Alikaa nyumbani akitia marashi chupani kwa faneli na kuzifunga vizibo kwa mikono yake, na chupa za kwanza za kila msimu tulizipeleka Ibra.