Je, Jicho Linakucheza?

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Mtafiti Mkuu wa maabara yetu ndogo pale Shinyanga mjini, mzee mkali asiyependa salamu ndefu, aliniambia nisimame katikati ya chumba, niunganishe miguu, nifumbe macho. Punde nikaanza kuyumba.

"Umeona?" akasema. "Mtu husimama kwa vitu vitatu: macho, sikio la ndani na nyayo. Nimekunyang'anya kimoja tu, na digrii yako yote inataka kuanguka."

Kazi yangu ikawa hiyo hadi nikastaafu: kupima macho yanavyokwenda na mwili unavyosimama. Ninyi vijana mmezoea miwani ya kamera inayoandika kila mruko wa jicho kwenye kompyuta. Sisi tulianza na kidole. Unakipeleka polepole kushoto na kulia, mgonjwa anakifuata bila kugeuza kichwa. Jicho zima huteleza nacho. Jicho la mtu aliyeumia ubongo wa kisogoni huachwa nyuma, kisha huruka kukikimbilia, na hata likitakiwa kutulia hutikisika. Hali hiyo kwenye makaratasi yetu iliitwa jicho kucheza.

Jina hilo nililichagua mimi, na ndilo kosa ninalotaka kuwasimulia.

Nilihamishiwa Bugarama, kisha Masumbwe, kuwapima wachimbaji wadogo wanaokamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma. Moshi wa zebaki ndio unaoharibu ubongo huo wa kisogoni. Miwani ya kamera tulikuwa nayo moja na watu walikuwa wengi, kwa hiyo niliandika dodoso la kuwachuja. Swali la nne lilikuwa: "Je, jicho linakucheza?" Aliyesema ndiyo aliingia chumba cha kamera. Aliyesema hapana alikwenda zake.

Wote walisema hapana. Msimamizi wa Utafiti wa Kanda akafurahi. "Andika wako salama, tufunge ripoti." Nami, kwa uvivu wa mtu anayeamini karatasi yake, nikaanza kuandika.

Ndipo akaja Minza, mke wa Shija, mchomaji wa dhahabu niliyemhoji wiki iliyotangulia. Alipiga goti, akaniita mama kwa Kisukuma chetu.

"Shikamoo, mayu. Mume wangu akinywa uji unamwagikia kifuani. Anatembea kama amekanyaga godoro. Nanyi mmemwambia ni mzima, kwa hiyo kesho anarudi kuchoma."

"Nilimuuliza kama jicho linamcheza," nikajitetea. "Alikataa mwenyewe."

Akaniangalia kwa huruma. "Mbele ya wenzake? Jicho likikucheza si msiba huo unakuja? Nani atashuka shimoni siku hiyo? Wangemfukuza kwa mawe. Mayu, kwani wewe si wa kwetu?"

Ni wa kwao. Nimezaliwa Ibadakuli, na mama yangu jicho la kushoto likimcheza alikuwa haendi hata sokoni. Nililijua hilo tangu utotoni, nikaenda kusoma mpaka nikalisahau. Niliona aibu, na hadi leo naiona.

Siku hiyo hiyo nikamfuata Shija. "Ukitazama kitu, kinatulia au kinatikisika?"

"Kinatikisika," akajibu mara moja. "Hata wewe hapo unatikisika."

Nikamvalisha miwani. Mstari kwenye kompyuta ulipanda na kushuka kama matuta ya viazi. Nikaandika barua aondolewe kwenye zebaki, kisha nikarudia dodoso kwa kila mtu, swali la nne likiwa limebadilishwa. Safari hii chumba cha kamera kilijaa. Msimamizi alifoka kwamba nimechelewesha ripoti, nilimwacha afoke.

Sasa nimestaafu, nimerudi Ibadakuli. Leo asubuhi jicho langu la kushoto limecheza. Sababu zake nazijua vizuri: kope kuchoka, usingizi mdogo, chai nyingi. Ningeweza hata kuwachorea msuli wenyewe. Hata hivyo nikachukua simu nikampigia Shija.

"Shikamoo, mayu. Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu. Unafanya nini?"

"Nipo uani, nakunywa uji."

"Umekaa?"

"Nimesimama, mayu," akasema, akacheka. "Kikombe mkono huu, simu mkono huu."