Birika la Mkwe

Mtaani walimwita Mama Masjala, na jina hilo halikumchukiza. Kwa miaka thelathini na moja alitunza mafaili ya mahakama, na halikupotea hata moja mikononi mwake. Alipostaafu, masjala ilihamia nyumbani. Kila zawadi iliyovuka kizingiti chake iliandikwa kwenye daftari la jalada gumu: ni nini, imetoka kwa nani, siku gani, na namba ya simu ya mtoaji, ili shukrani isichelewe. Marehemu mumewe alizoea kumtania kwamba hata yeye ana namba yake humo.

Asubuhi hiyo, sikukuu zikiwa zimepita siku tisa, alisimama kwenye foleni ya kurudisha bidhaa, kwapani amebana boksi la birika la umeme. Birika lilikuwa zuri, ila lilikuwa la tatu. Kilichomkosesha raha ni mapazia. Jumamosi wazazi wa mchumba wa binti yake wangefika kwa mara ya kwanza kupanga siku ya harusi, na mapazia ya sebuleni yalikuwa yamefifia kwa jua hadi maua yake yakaonekana kama madoa. Mjane husemwa haraka. Hakutaka watu watoke kwake wakinong'ona kwamba baba alipozikwa, nyumba nayo ilizikwa.

Alikuwa amejipanga. Mkobani mlikuwa na karatasi yenye vipimo vya dirisha, pembeni amebandika kipande cha kitambaa cha kochi, asije akanunua rangi za kugombana. Duka lilijaa mabango ya nusu bei, naye hakuyatupia jicho. Nusu bei ya kitu usichokihitaji, alimwambia binti yake mara nyingi, ni hasara nzima.

Shida ni kwamba birika lilitoka kwa mama wa huyo huyo mchumba. Ndiyo maana alifika duka linapofunguliwa, na ndiyo maana hakumwambia binti yake.

Dada wa kaunta alikagua boksi, akaomba risiti. Hakuna, ni zawadi. Basi, dada akasema, namba ya simu ya aliyenunua ingetosha, maana duka huandika mauzo yote kwa namba ya mteja. Mama Masjala alifungua daftari kwa fahari ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa jambo la kumbukumbu akakosa jibu. Aliisoma tarakimu kwa tarakimu, akairudia. Dada akabofya, mashine ikalia.

"Tayari, mama. Na mwenyewe ameshatumiwa ujumbe."

"Mwenyewe nani?"

"Aliyenunua. Tunamjulisha kwamba bidhaa yake imerudishwa. Ndio utaratibu."

Mama Masjala aliomba ujumbe ufutwe. Alijibiwa kwa upole kwamba umeshakwenda. Akaomba basi arudishiwe birika lake. Akaambiwa inawezekana, ila hilo nalo litatuma ujumbe wa pili. Nyuma yake mtu akakohoa kwa kukosa subira. Aliyaona yote yamekwisha: uchumba umevunjika, binti amejifungia chumbani, na mtaa mzima unasimulia jinsi msomi yule alivyotupa zawadi ya wakwe kabla hata ya harusi. Na shahidi wa kwanza ni daftari lake mwenyewe.

Simu iliita kabla hajaondoka kaunta. Wazo lililomjia ni kusema birika limeharibika. Lakini mtu aliyelinda ushahidi wa wenzake miaka thelathini na moja hawezi kuanza uzeeni kughushi wa kwake.

"Mkwe," sauti ilisema, "birika lina nini?"

"Halina kitu, mkwe. Ninayo mawili mengine. Nimelirudisha nipate mapazia. Yangu yamechakaa, nanyi mnakuja Jumamosi. Nilipaswa kukwambia wewe kwanza."

Upande wa pili mlango ulifungwa, kisha ikasikika pumzi ndefu.

"Umeshanunua?"

"Bado."

"Usinunue. Mapazia hushuka bei mwisho wa punguzo, watu wakishamaliza hela zao. Nimeuza vitambaa miaka kumi na miwili, najua."

"Na Jumamosi je?"

"Jumamosi tunamfuata binti, hatufuati dirisha."

Simu ikakatika. Kama ule ulikuwa wema au kijembe, hakuweza kujua. Alirudi nyumbani na vocha ya duka, akamweleza binti yake, na kwa siku tatu wawili hao walizungumza kwa uchache kama wagonjwa. Mapazia aliyafua mara mbili. Yalizidi kufifia.

Jumamosi wageni waliingia. Mkwe, mwanamke mfupi wa hatua za haraka, hakukaa. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akashika upindo wa pazia kwa vidole viwili, akausugua. Binti alisimama na sinia la vikombe.

"Mkwe," akasema bila kugeuka, "uliniambia yamechakaa. Hukuniambia yamestaafu."

Mama Masjala akamsogelea dirishani.

"Yalistaafu kabla yangu," akajibu, "na pensheni hayajapata mpaka leo."

Mkwe alicheka hadi akashika kiti. Siku ya harusi ilipangwa kabla chai haijapoa. Alipokuwa akiaga aliomba vipimo vya dirisha, akapewa ile karatasi, akaikunja, akaitia mkobani.

"Jumatatu twende wote dukani," akasema. "Ila daftari ulilaze nyumbani. Namba nitataja mimi."